CV yangu imegeuzwa sahani ya sambusa na kamati ya chama, halafu mnaniambia nitulie!!!

MshikaBenderaMtarajiwa (Busia ya Uganda)
Salamu baadaye, leo sina salamu. Nimetoka sasa hivi kwenye vetingi, ule mchujo wa chama, ya udiwani wa gombolola (kaunti ndogo), mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi shauri yenu. Yule mzee nyote mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa kofia, anayefungua mkutano kwa dua na kuufunga kwa bahasha. Basi nimeingia na suti ya harusi ya kaka yangu, jasho mpaka kwenye soksi, nikampa faili kwa mikono miwili na goti nusu chini. Akapokea. Hakufungua. Akapita kijana na beseni la sambusa, mzee akachomoa karatasi ya juu, CV YANGU, ile yenye picha, akaitandika mezani AKAPANGA SAMBUSA NNE JUU YA USO WANGU.

Sambusa. Juu ya uso wangu. Nikiwa nimesimama pale pale!!

Wajumbe wanatazama tu, hakuna hata mmoja aliyekohoa, mama mmoja akanyoosha mkono akachukua ya kwenye paji la uso wangu, akala, vidole akafutia pale nilipoandika uzoefu wa kazi. Swali nililoulizwa ni moja, eti "pilipili iko wapi?" na hata hilo sijui kama nilikuwa naulizwa mimi. Mafuta yaliyomwagika pale yangekaanga kabalagala (chapati ndogo za ndizi) za Busia nzima mpaka siku ya kura.

Na orodha ya washika bendera, yaani wagombea wa chama, ilishachapwa! Nimeiona kwa macho yangu chini ya kitabu cha risiti, muhuri tayari. Sasa sisi tuliitwa kufanya nini, kuleta karatasi za kufungia? Watu wanane chini ya mwembe wanaamulia gombolola nzima na hakuna anayejua wanapima nini. Waachieni wanachama wenye kadi wapige kura, matokeo yabandikwe ukutani tuyasome, basi. Ibara ya 71 ya Katiba inasema mambo ya ndani ya chama yafuate misingi ya demokrasia, sambusa haijaandikwa humo. Nne jamani! Angeweka mbili ningesema mzee ana njaa.

BodaWaMasafu
Za nyama au za dengu? Usitufiche mambo muhimu.

MshikaBenderaMtarajiwa
Wewe nitakukuta stejini.

HajatiWaSofia
Mwanangu pole. Lakini udiwani wa gombolola sheria haidai hata cheti cha S6 (kidato cha sita), hicho ni cha wabunge na mwenyekiti wa wilaya. Sasa CV ya nini? Umewapelekea sahani mwenyewe.

BodaWaMasafu
😂😂😂 Hajati ameua

MtuWaArua
Huku kwetu kamati haili sambusa, inakula mbuzi mzima na majibu haitoi. Dawa ni mstari tu. Kama ule wa LC1 (baraza la kijiji) wa Julai 2018, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake mchana kweupe, vichwa vihesabiwe. Hapo mzee wa kofia ataficha nini?

JiraniNgambo (Busia ya Kenya)
Mstari?? Hahaha tuulizeni sisi. 1988 tulipanga mlolongo huku, wa mstari mrefu akaenda nyumbani, wa mstari mfupi akaenda bungeni. Anayehesabu ndiye anayechagua, wakubwa.

AntiWaMbale
Na mimi nisimame nyuma ya mpinzani wa landilodi wangu, jioni nilale wapi? Sanduku na kura ya siri, hizo habari za mstari wapelekeeni wenye nyumba zao.

MtuWaArua
Anti kwani kodi hujalipa?

AntiWaMbale
Haikuhusu.

KijanaWaMuluka
Mi naona jamaa asimame binafsi tu aache kulia. Ibara ya 72 inaruhusu, bunge lililochaguliwa 2021 liliingia na wabunge zaidi ya 70 wasio na chama. Wengi wao si ndio hawa hawa waliotemwa kwenye mchujo wa vyama vyao?

MshikaBenderaMtarajiwa
Binafsi kwa pesa ya nani? Na picha ya kampeni nitumie ipi, ile yenye mafuta? Turudi kwenye mada. NNE. Juu ya uso.

KijanaWaMuluka
Kale basi, tumesikia nne.

DadaWaTororo
Mmetaja kampeni mkanikumbusha hasira zangu. Uchaguzi uliopita nilizunguka na mgombea vijiji vyote, nikaimba mpaka sauti ikakauka, malipo nikapewa tisheti ya mtoto wa P3 (darasa la tatu). Nikiivaa kitovu kiko nje. Nikamwambia bosi hii si saizi yangu, akasema "punguza posho", yaani ugali.

BodaWaMasafu
Banange 😂 sasa huo ndio uzi, ungefungua wako.

HajatiWaSofia
Afadhali wewe ulipewa nguo. Mimi nilipikia maajenti chai na mihogo kutwa nzima, mpaka leo nikimpigia yule kijana wa pesa anapokea mtoto anasema baba anaoga.

MtuWaArua
Anaoga tangu uchaguzi uliopita? Huyo lazima awe msafi kuliko uchaguzi wenyewe.

MshikaBenderaMtarajiwa
Jamani CV yangu.

AntiWaMbale
Hajati hiyo mihogo ulikuwa unauza bei gani, huku Mbale siku hizi fungu unabeba kwa vidole viwili

MamaViti
Naomba nipite kidogo. Huo mkutano wa leo chini ya mwembe, viti ni vyangu na turubai la buluu ni langu. Viti vimerudi, kimoja hakina mguu, turubai halijarudi. Nimeambiwa limeonekana kwenye pikapu inaelekea Malaba. Dereva kama uko humu, pesa ya kukodi nimesamehe, turubai nalihitaji Jumamosi nina matanga.

BodaWaMasafu
Mama pikapu nyeupe, taa moja haiwaki? Nimeipita Tororo rodi dakika kumi zilizopita, imefunika mbuzi

MamaViti
Ndio hiyo!! Igeuzie, mafuta nakulipa mimi