Jumamosi ya Njegere

*Kikundi: Wajukuu wa Bibi*

Dada Mwanaidi, 06:12
Hamjambo. Njegere zimejaa, na maharage yako tayari kumenywa mabichi. Jumamosi tunachuma, tunamenya na kugandisha siku hiyohiyo. Njegere ikilala, utamu unageuka wanga. Nani anakuja?

Dada Mwanaidi, 06:50
Naona mmesoma. Tiki za buluu hizo.

Juma, 07:55
mimi nakuja kula 😂

Dada Mwanaidi, 07:56
Wewe utaleta barafu. Maji yakichemka kabisa, njegere dakika moja na nusu, maharage 2 hadi 4 kwa ukubwa wake. Zikitoka tu, kwenye maji ya barafu.

Asha, 08:20
Dada, si tutie mbichi tu?

Dada Mwanaidi, 08:22
Baridi haiui vimeng'enya, vile vitu vya ndani ya njegere vinavyoiharibu, inavipunguza kasi tu. Maji moto ndiyo yanaviua. Ukizitia mbichi, miezi michache rangi imekwenda na ladha imekwenda.

Juma, 08:23
kama zile za mwaka juzi

Asha, 08:23
Juma usianze

Salim, 08:31
Aliyechomoa friza apige pasi anajijua.

Asha, 08:32
Sikuchomoa mimi! Na mifuko yangu ilishatoweka kabla ya pasi. Hilo mbona hamuulizani?

Juma, 08:33
shati lakini lilinyooka 👔

Dada Mwanaidi, 08:40
Turudi kwenye njegere. Nani ana masinia? Zikaushwe maji, zitandazwe zigande mojamoja, ndipo zifungwe mifukoni na hewa itolewe. Mkizifunga na maji mtatoa jiwe. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, tutakula mwaka mzima. Masinia jamani?

Salim, 08:41
_Ujumbe huu umefutwa_

Juma, 08:41
tumeuona 😂😂

Bibi, 11:47
Wanangu. Friza ile aliinunua babu yenu ili watoto wake wapate kula, si wagombane. Ya mwaka juzi yaishe. Ufunguo atakaa nao Asha.

Dada Mwanaidi, 13:05
Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Salim, 13:30
Shikamoo Bibi. Sawa.

Asha, 13:34
Shikamoo Bibi, ahsante. Ila Jumamosi nina safari, narudi Jumatatu.

Dada Mwanaidi, 13:35
Sasa ufunguo?

Dada Mwanaidi, 16:10
Asha?

Mjomba Hamisi, 21:16
Ndiyo naingia sasa. Jumamosi ipi? Na za mbegu mmeacha?

Dada Mwanaidi, 21:17
Mjomba shikamoo, soma juu. Juma, barafu.