Eti "uliocheleweshwa"!! DM wetu (msimamizi wa D&D, ule mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu) na sheria zake za kukaunta uchawi, nimechoka

Wakuu naandika mikono inatetemeka, tumetoka mezani sasa hivi hata dadu sijazirudisha mfukoni. Yule bwana DM simtaji jina, mnamjua, yule anayejificha nyuma ya ubao wake na lile daftari lililoandikwa SHERIA ZANGU, nene kuliko kitabu chenyewe cha D&D.

Wiki hii kaja na mpya. Ukitaka kukaunta uchawi wa adui, yaani kuufuta wakati anaurusha, eti kwanza uutaje jina. Kwa sauti. Kabla hajahesabu tatu, na anahesabu kama anakimbizwa na mbwa. Ukikosea jina, sloti (nafasi yako ya kurusha uchawi) imeenda, riaksheni (kile kitendo chako cha haraka nje ya zamu) imeenda. Adui je? Adui yeye hataji kitu, anajua uchawi wetu wote mpaka ule ambao hata sisi hatujajifunza.

Haya. Mchawi mfu kanyoosha kidole, DM anasimulia kwa madoido, mwale wa njano sijui nini. Mimi ni mchawi levo ya 13, huo mwale nimeurusha mwenyewe mara elfu nane, nikasimama mpaka kiti kikaanguka: KAUNTA! MPIRA WA MOTO! Jamaa kimya. Akafunga daftari taratiiibu. Akatabasamu. "Mpira wa moto... uliocheleweshwa."

ULIOCHELEWESHWA!!

Halafu akanyoosha mkono akachukua penseli YANGU akaikata sloti yangu kwenye karatasi YANGU. Kwa penseli yangu jamani. Raundi iliyofuata akaulipua, dadu 13 za pande sita, kuhani wetu ni mkaa. Lakini hata moto haujaniuma kama lile tabasamu. Uliocheleweshwa. Nitalisikia hilo neno mpaka kaburini.

PandeIshirini: Siti ya mbele nimewahi. Mkuu endelea, ulilia au hukulia?

Mzee_wa_Mishale: Hahaha ila kweli ulikosea jina.

Mwenye uzi: SIKUKOSEA. Ni mpira? Ni wa moto? Basi!

KuhaniMkaa: Mkaa mwenyewe niko hapa. Mwambie na hili, alikaunta kwa sloti ya levo 3 wakati uchawi ni levo 7, na sloti yake ya 7 ilikuwepo haijaguswa. Sijui anaitunzia uzeeni.

Mzee_wa_Mishale: Aaaah kumbe! Kwa kanuni za D&D za 2014 basi ungerusha dadu ya pande ishirini dhidi ya 17, yani ufikishe 17 au zaidi. Una akili 20, unaongeza 5, yani ulihitaji 12 kwenda juu. Uwezekano mkubwa ungekosa tu.

Mwenye uzi: Ningekosa KWA HAKI. Kuna kukosa na dadu na kuna kukosa na mtu anatabasamu kashika penseli yako.

Sloti_Zero: Huyo DM hajatoa hewani tu jamani, kuna kanuni ya hiari ya 2017, kutambua uchawi unaorushwa kunakula riaksheni, unarusha dadu dhidi ya 15 jumlisha levo ya uchawi. Na riaksheni ni moja, kwa hiyo ukitambua wewe huwezi kukaunta wewe, labda mwenzako atambue akupigie kelele. Sisi tulijaribu, meza nzima ikawa inapiga kelele kama mnada.

PandeIshirini: Si muhamie kanuni za 2024 yaishe? Adui anarusha dadu ya kujiokoa kwa uimara wa mwili, akishindwa uchawi unafutika.

Sloti_Zero: Na sloti yake anabaki nayo, raundi ijayo anakuletea uleule. Hiyo ndo kaunta au ni kumwomba arudie?

Mzee_wa_Mishale: Nyie mnalilia sloti, DM wa kwetu, ukipata 1 kwenye dadu upinde unakatika. Kampeni moja nimevunja pinde tisa, mimi ni mpiga mishale au fundi seremala?

KuhaniMkaa: Pinde nafuu. Kuna mtu mezani kwetu zamu yake ikifika ndo anaanza kusoma uchawi wake, kuanzia herufi A. Watu wanaenda kuoga wanarudi.

Mwenye uzi: Jamani tulikuwa tunaongelea kaunta. Na penseli.

Mzee_wa_Mishale: Ngoja mkuu, huyu wa kusoma zamu yake kama ni yule ninayemfikiria basi anarushaga na dadu mpaka zinaangukia chini ya meza, na ikiwa 20 anasema inahesabika.

PandeIshirini: Ikianguka chini haihesabiki.

Sloti_Zero: Inahesabika kama imelala vizuri.

KuhaniMkaa: HAIHESABIKI. Ukikubali ya chini leo kesho mtu atarushia chooni.

Sloti_Zero: Na ikiegemea mguu wa meza?

Mwenye uzi: Kwa penseli YANGU.

PandeIshirini: Ikiegemea unarusha upya, hilo halina mjadala.