Kuna kanuni ya kuchagua kati ya "crumb", "speck", "shred" na "iota"?

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Kiingereza sekondari, na katika insha za wanafunzi ninakutana na sentensi ambazo kisarufi hazina kosa lakini sikio linazikataa. Mmoja ameandika "Add an iota of sugar to the tea", mwingine "There was a crumb of paint on his shirt". Kamusi wanazotumia zinaeleza "crumb", "speck", "shred", "scrap", "iota" na "whit" kwa maneno karibu yaleyale, yaani kiasi kidogo sana cha kitu, kwa hiyo siwashangai wanapodhani kwamba lolote kati ya hayo linaweza kukaa mahali pa jingine. Je, ipo kanuni inayofundishika, au ni kukariri tu? Ningependa pia kufahamu yanayotumika jikoni, kwa sababu mapishi ya mtandaoni ndiyo Kiingereza wanachokisoma kwa hiari yao.

Mfasiri wa Tanga

Mwalimu, kanuni ipo, ila msingi wake si udogo wa kitu, bali ni namna kitu chenyewe kinavyovunjika. Kinachomegeka, kama mkate au keki, huacha "crumbs". Kinachochanwa au kukatwa vipande virefu vyembamba, kama kitambaa, karatasi au kabichi, hutoa "shreds". Ubao hutoa "splinter", chungu au kioo kilichopasuka hutoa "shards", na rangi ya ukutani inayobanduka hutoa "flakes". "Scrap" ni kinachobaki baada ya kazi yenyewe kwisha, kama vitambaa vinavyoanguka chini ya cherehani, na ndilo neno hilohilo ambalo wanunuzi wa vyuma chakavu wamelifanya kuwa "skrepa". "Speck" haijali kitu kimetoka wapi, maana ni chembe au doa dogo linaloonekana juu ya kitu kingine. Basi vumbi kwenye lenzi ni "speck", na ile rangi kwenye shati la mwanafunzi wako nayo ni "speck".

Mimi ningewaanzisha na Kiswahili chao. Tunasema chenga za mchele, cheche za moto, kibanzi cha mti, tone la maji na makombo ya chakula, na hakuna mtoto atakayekuambia "cheche za mchele" au "chenga za moto", ingawa hakuna aliyemfundisha kanuni hiyo darasani. Akishaona kwamba anaijua tayari katika lugha yake, ya Kiingereza haitamtisha.

Mhariri

Naongeza jambo ambalo Mfasiri hakuligusa, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloharibu ile sentensi ya sukari. "Iota", "jot" na "whit" ni maneno ya kukanusha. Hayapimi chochote, kazi yake ni kutilia mkazo kwamba kitu hakipo kabisa: "not one iota of truth", "not a whit better". Tunayo hali kama hiyo sisi wenyewe: mtu husema "sikupata hata lepe la usingizi", lakini hatusikii mtu akijisifu kwamba jana alipata malepe matatu.

"Iota" ni herufi ndogo ya alfabeti ya Kigiriki, na "jot" imetokana nayo. Zote mbili zinahusiana na Mathayo 5:18, ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema "one jot or one tittle", na Biblia yetu ya Kiswahili inasema "yodi moja wala nukta moja", ikitumia jina la herufi ndogo ya Kiebrania. Aya hiyo ni ya kukanusha, kwamba hata hicho kidogo hakitaondoka, na matumizi ya leo yamebaki katika njia hiyohiyo. Kinyume chake ni "modicum", neno la watu wa adabu, linalopenda sentensi za kukubali na hutaja kidogo cha kitu kinachotakiwa, kama "a modicum of respect". Wanasheria nao wana "scintilla", ambayo kwa Kilatini ni cheche, na huitumia wanapotaka kusema kwamba ushahidi haupo hata chembe.

Mfamasia

Kuhusu jikoni: "pinch" ni cha unga au chumvi, kiasi kinachoshikika kati ya kidole gumba na cha shahada, na "dash" kwa kawaida ni cha majimaji yanayotikiswa kutoka kwenye chupa, ingawa mapishi ya Marekani huitumia hata kwa pilipili manga. "Smidgen" ni neno la mazungumzo, la Kimarekani zaidi. Huko huuzwa hata vijiko vya kupimia vilivyoandikwa majina hayo, ambapo mara nyingi "dash" ni 1/8 ya kijiko cha chai, "pinch" ni 1/16 na "smidgen" ni 1/32.

"Grain" ina historia katika fani yangu. Ni kipimo cha uzito cha takriban miligramu 64.8, kilichotokana na punje ya nafaka, na ndicho kinachoeleza namba za ajabu za aspirini ya Marekani: tembe ya miligramu 325 ni "grain" 5, na ile ya 81 ni robo yake.

Ila kwa Mfasiri nina shaka. Kanuni ya kuvunjika inafaa kwa vitu vya kushika mkononi. Faraja haimegeki wala heshima haichaniki, na bado Waingereza husema "a crumb of comfort", "a shred of dignity" na "a grain of truth", na hawazibadilishi. Hapo sioni njia nyingine ila kukariri jozi zenyewe.

Mfasiri wa Tanga

Wazikariri, sipingi, lakini wazikariri pamoja na picha zake, kwa sababu picha bado zipo. Anayepata "a crumb of comfort" ni mwenye njaa aliyeangushiwa cha mezani. "A shred of dignity" ni nguo iliyoraruka ambayo mwenyewe anajisitiri kwa kipande kilichosalia. Na "a grain of truth" ni punje nzima, ndogo lakini kamili, ndani ya rundo la makapi. Mwanafunzi akiiona picha hiyo, hataandika "a splinter of comfort".

Mwalimu wa Kidato cha Tatu

Nashukuru sana, ndugu zangu. Nitaanza na zoezi la chenga na cheche, kisha niwape sentensi za kukanusha peke yake. Mfamasia, swali moja dogo: "ounce" ya "an ounce of sense" ni kipimo kilekile cha dukani?

Mfamasia

Ndicho, Mwalimu, takriban gramu 28.