Tupeane uzoefu: msimbo wa klaienti wa API unaozalishwa na jenereta

Wakuu, salaam. Mnaotumia OpenAPI Generator, Swagger Codegen au protoc, yaani jenereta zinazosoma maelezo ya API (mlango ambao programu huombea data kwa seva) na kukuandikia msimbo wa kuiita, hebu tuelezane yaliyowakuta. Sizungumzii siku ya kwanza, siku hiyo kila kitu hupendeza. Nataka habari za pale seva inapobadilika na programu tayari iko kwa watumiaji.

Naanza. Tuna programu ya simu kwa Kotlin na tovuti kwa TypeScript, zote zinasoma seva moja. Wa upande wa seva akibadilisha jina la kitu, tunazalisha upya na kompaila inatuonyesha kila mstari ulioguswa. Hilo peke yake linanitosha kuitetea jenereta. Lakini ubora wote unatoka kwenye faili la OpenAPI, lile linaloeleza API na ambalo jenereta hulisoma. Pasipo operationId (jina la kila ombi ndani ya faili hilo), jenereta hujitungia jina kutokana na njia (anwani ya ombi), unaletewa usersIdOrdersGet. Schema (umbo la data) isiyo na jina, kwa matoleo ya zamani, inaitwa InlineResponse200. Ukiongeza nyingine, namba zinaweza kuhama na msimbo wako unavunjika bila API yenyewe kubadilika. Siku hizi badiliko la seva lisilo na operationId hatulipitishi.

Karibuni.

#2
Mkuu, kwetu ilikuwa enumu, yaani orodha ya thamani zinazokubalika pekee. Mfumo wa malipo tuliounganishwa nao uliongeza hali mpya ya muamala bila taarifa. Klaienti ya Java ikakataa jibu zima, ilhali pesa ya mtu imeshakatwa! Sasa tunawasha chaguo la jenereta liitwalo enumUnknownDefaultCase, hali ngeni inapokelewa kama isiyojulikana na kazi inaendelea.

#3
Wa JavaScript, angalieni int64 (namba nzima ya biti 64). Namba nzima inayozidi 9007199254740991 haina uhakika tena, tarakimu za mwisho hubadilika kimyakimya. Namba ndefu za kumbukumbu ziombeni zije kama string (maandishi).

#4
Mimi API yenye njia tatu naandika kwa mkono. Jenereta inamwaga mafaili mengi mno. Halafu nyie mkirekebisha kitu ndani yake, si kinafutwa mkizalisha tena?

#1
@4 kwa njia tatu niko nawe kabisa. Kuhusu kurekebisha, hatugusi ndani. Tokeni (ufunguo wa kuingilia), kujaribu tena na muda wa kusubiri tunaviweka kwenye klasi yetu inayoizunguka klaienti. Faili likilazimu kubaki, linaandikwa kwenye .openapi-generator-ignore, orodha ya mafaili ambayo jenereta haiyagusi. Na toleo la jenereta tumelifunga, likipandishwa linapandishwa peke yake, lisichanganywe na badiliko la API.