Tupeane uzoefu: kubadilisha bati lililooza kwenye gari la zamani, hasa sisi tunaoishi karibu na bahari

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Ndugu zangu, hamjambo. Ninaomba tukusanye hapa visa vya wale waliowahi kukata bati lililooza kwenye gari la zamani na kutia jipya, ama kwa mikono yao wenyewe ama kwa fundi waliyesimama naye kutwa nzima. Sizungumzii fila, yaani ule uji mzito wa kujazia mashimo, na rangi ya kupulizia. Hiyo ni kazi ya kuficha, na kwa hewa yetu ya Mombasa kinachofichwa wakati wa kusi huwa kimeshatokeza tena kabla kaskazi haijashika.

Nianze na langu. Marehemu baba alituachia Peugeot 504 ya rangi ya maziwa aliyoinunua mwaka 1979. Alikuwa ameitamani tangu 504 iliposhinda Safari Rally mwaka 1975, na iliposhinda tena mwaka 1978 akasema hangojei zaidi. Gari hilo lilivuka feri ya Likoni miaka nenda miaka rudi, na usiku lililala nje, hatua chache kutoka ufukweni. Nilipoamua kulifufua, nilifunga sumaku ndogo ndani ya kitambaa laini ili isikwaruze rangi, nikaipitisha polepole kwenye bodi nzima. Kwenye paa ilinasa, kwenye milango ilinasa, lakini kwenye kizingiti cha chini ya milango ya kushoto ilidondoka mkononi mwangu mara tatu mfululizo. Nikachukua bisibisi, nikaigonga kidogo tu kwa kiganja, ikazama mpaka kwenye mpini. Tulipoufungua ubavu ule tulikuta fila yenye unene wa kidole, chini yake kipande cha gunia kilichogandishwa kwa fila hiyohiyo, chini yake kipande cha bati la kuezekea kilichopigwa ribiti, na chini ya hayo yote unga mwekundu ambao niliuzoa kwa mikono miwili.

Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Kwa hamu ya kumaliza, tulikata vizingiti vyote viwili siku moja, gari likiwa limeinuliwa kwa jeki mbele na nyuma. Gari hili halina chesisi ya pekee kama lori, bali bodi yenyewe ndiyo mifupa, na vizingiti ndivyo vinavyoshikilia sehemu ya mbele na ya nyuma zisiachane. Asubuhi ya pili mlango wa mbele wa kushoto ulikataa kufunga. Kulikuwa na nafasi ya kupitisha kidole gumba upande wa juu, na upande wa chini bati lilikuwa limegusana na bati. Tulirudi nyuma wiki mbili nzima: tukalilaza gari tena kwenye magurudumu yake juu ya sakafu iliyo sawa, tukachomelea mabomba ya mraba ndani ya nafasi za milango ili bodi isicheze, kisha tukapima kwa futi kutoka pembe hadi pembe na kuandika kila kipimo kwa chaki ukutani. Ndipo tukaanza upya, upande mmoja kwa wakati mmoja, milango ikiwa imeningʼinizwa mahali pake ili tuione ikifunga kabla ya kuchomelea chochote cha kudumu.

Ninaomba mnieleze mambo mawili: mnatumia bati gani, na mnafanyaje ili ndani ya kizingiti, mahali ambapo brashi haifiki, pasianze kuoza tena?

Fundi wa bodi, Changamwe

Mwanangu wa Tudor, pole kwa yaliyokupata, na hongera kwa kuyasema, kwa sababu wengi hupatwa na hilohilo kisha wakachonga mlango ili ufunge. Mimi kazi hii nimeifanya tangu ningali kijana, na nitajibu kuhusu bati.

Kwa ngozi ya nje, yaani madigadi na milango, ninatumia bati jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la geji 20, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.9. Kwa sakafu na vizingiti ninapanda hadi geji 18, karibu milimita 1.2. Bati la kuezekea nyumba siligusi. Kwanza ni jembamba mno, na moto wa kuchomelea hulitoboa kabla hujatulia. Pili lina zinki juu yake. Nikiwa na umri wa miaka ishirini na kitu nilishinda alasiri nzima nikichomelea mabati ya zinki ndani ya banda lililofungwa kwa sababu ya mvua, na usiku ule nilitetemeka kwa baridi, mdomo una ladha ya sarafu, nikadhani ni malaria. Nilipimwa, haikuwemo, na siku iliyofuata homa ikaondoka yenyewe. Ulikuwa moshi wa zinki. Tangu hapo, bati lolote lenye zinki ninaliparua kwa grainda mpaka ling'ae mahali patakapopita moto, na ninafanyia kazi mahali penye upepo.

Wengi wetu huku tumejifunza kwa bati la pipa la mafuta, na ninakiri kwamba ni bati zuri, linakunjika vizuri na unene wake unatosha sakafu. Lakini pipa lililowahi kubeba petroli au thina si la kukatwa kwa moto wala kwa grainda, hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Jirani yangu wa banda alikata moja ambalo halikuwa na harufu yoyote. Kifuniko kiliruka kikapita juu ya ukuta, na yeye aliponea chupuchupu. Ninayotumia mimi ni yale yaliyobeba mafuta ya kupikia, yakaoshwa kwa maji moto na sabuni, kisha ninayakata kwa mkasi wa bati.

Jambo jingine ni joto. Nikiwa bado mwanafunzi wa kazi nilichomelea upande wa madigadi ya Mercedes kwa mstari mmoja mrefu usiokatika, nikijivunia unyoofu wa mkono wangu. Bati lilijikunja mbele ya macho yangu kama papadi iliyotiwa kwenye mafuta ya moto, na mwalimu wangu akanipa nyundo na kibao cha chuma nikalinyoosha kwa siku nne. Njia ni kushika kwa nukta: nukta moja huku, nyingine kule mbali, nyingine katikati, unangoja bati lipoe hadi uweze kuweka kiganja, ndipo unaendelea, mpaka nukta zikutane. Ni kazi ya subira, na anayelipa kwa siku hupenda kuharakisha, lakini mwenye gari akielezwa mapema huelewa.

Mama wa Beetle, Nyali

Langu ni fupi. Ninamiliki Volkswagen Beetle iliyokuwa ya shangazi yangu. Betri ya gari hili hukaa chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na asidi iliyokuwa ikivuja kidogo kidogo kwa miaka mingi, pamoja na maji yaliyopenya kwenye mpira wa dirisha, zilikula sakafu mpaka mtoto wangu akaona lami ikipita chini ya miguu yake. Sakafu ya Beetle ina nusu mbili, ya kushoto na ya kulia, ambazo zimechomelewa kwenye mfereji wa katikati, kwa hiyo inawezekana kubadilisha nusu moja peke yake.

Niliagiza nusu ya kulia kutoka ng'ambo. Ilipofika, nilifanya jambo ambalo fundi alidhani ni la kupoteza wakati: nilikataa isikatwe sakafu ya zamani mpaka ile mpya ilazwe juu yake na kupimwa. Tukagundua kwamba mashimo ya reli za kiti yamepishana na ya asili kwa karibu sentimita moja na nusu. Lau tungekata kwanza, tusingekuwa na cha kulinganishia. Rangi nyeusi iliyokuja na bati hilo ilibanduka kwa ukucha pembeni, kwa hivyo tuliiondoa yote na kupaka praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati, yetu wenyewe. Betri sasa inakaa ndani ya sinia la plastiki.

Msafirishaji wa samaki, Likoni

Mimi nilikuwa na pikapu ya Datsun 1200 ambayo kwa miaka kumi na moja ilibeba samaki kutoka Shimoni hadi sokoni. Barafu huyeyuka, maji yake huchanganyika na chumvi na damu ya samaki, na yote hujikusanya kwenye pembe za karai la nyuma. Jioni nililiosha vizuri, nikiamini ninalitunza, kumbe nililiosha kwa maji ya kisima chetu ambayo yenyewe ni ya chumvi. Fundi alibadilisha sakafu yote ya nyuma, na mwaka wa pili ikaanza tena kwenye pembe zilezile. Sasa ninanunua madumu mawili ya maji matamu kwa ajili ya suuzo la mwisho tu, na tumetoboa matundu ya kutoa maji kila pembe. Huu ni mwaka wa tano na bati limesimama.

Mwalimu wa kemia, Kisauni

Kisa cha ndugu wa Likoni kina maelezo yake. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo bati lenye chumvi hubaki na utando wa maji hata siku ambayo wewe unaliona kavu, na kloridi iliyomo hupenya chini ya kutu na kuendeleza ulaji. Ndiyo maana kupaka rangi juu ya kutu isiyooshwa kwa maji matamu hakusaidii kitu, hata rangi iwe ya bei gani.

Mimi nimetengeneza Morris Minor, na kwa vipande vidogo kama bawaba na vishikio vya taa nilitumia umeme badala ya msasa. Unachukua ndoo ya plastiki, maji, na magadi ya kufulia. Kipande chenye kutu unakifunga kwenye waya hasi wa chaja ya betri, na chuma chakavu cha kawaida kwenye waya chanya, bila kugusana. Baada ya usiku mmoja kutu hulegea ikawa tope jeusi linalotoka kwa brashi. Fanyeni nje ya nyumba kwa sababu hewa inayotoka ni hidrojeni, na msitumie chuma kisichoshika kutu upande wa chanya, maana hutoa kromiamu yenye sumu ndani ya maji. Kwa bodi nzima njia hii haifai.

Mwenye Land Rover, Mtwapa

Nimeambiwa mara nyingi kwamba Land Rover haiozi kwa sababu bodi yake ni alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu, ni kweli, lakini chesisi ni chuma, fremu za milango ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na abiria ni chuma pia. Mahali ambapo alumini imelala juu ya chuma na maji ya chumvi yakapita katikati, metali hizo mbili huwa kama betri, na alumini ndiyo inayolipa. Kwenye yangu ya Series III ngozi ya chini ya mlango ilikuwa unga mweupe mithili ya chokaa, ilhali fremu yake ilikuwa imevimba na kuisukuma nje.

Ukuta wa mbele ulikuwa umeoza mahali pa kuwekea miguu na kwenye pembe za juu, chini ya kioo. Tulizichomelea sehemu hizo upya ukuta ukiwa umetolewa garini, na kabla ya kurudisha alumini tulitia ukanda mwembamba wa mpira kila mahali ambapo metali hizo hukutana. Kitu kimoja nitakiomba kwa kila anayesoma hapa: toeni tangi la mafuta na mazulia, na ondoeni waya wa betri kabla ya cheche ya kwanza. Sisi tuliacha kitambaa cha kuzuia kelele upande wa abiria, kikashika moto ndani kwa ndani bila mwali. Tulikizima kwa ndoo ya maji iliyokuwa karibu kwa bahati.

Fundi wa bodi, Changamwe

Swali la pili la mwanangu wa Tudor halijajibiwa sawasawa. Ndani ya kizingiti, kabla ya kufunga, ninapaka praima ya zinki ile inayostahimili kuchomelewa juu yake. Baada ya kufunga, moto unakuwa umeunguza sehemu ya praima hiyo kwenye mishono, na hapo ndipo kutu hurudi. Kwa hiyo ninatoboa tundu dogo mahali panapofichwa na zulia, ninaingiza mrija mrefu wa kompresa, na ninapulizia nta iliyolainishwa mpaka itoke kwa chini kwenye matundu ya kutolea maji. Nta isipotoka, tundu limeziba au mrija haujafika. Kisha ninayazibua matundu hayo kwa waya, kwa sababu kizingiti kisicho na tundu ni mtungi. Ukiliegesha gari chini ya mwarobaini, angalia pia mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Vijani vile vidogo huujaza, maji hushuka ndani ya nguzo ya mlango, na utalaumu fundi wa kizingiti.

Mwanzilishi wa uzi, Tudor

Ahsanteni sana, na fundi shikamoo. Jana tulipulizia nta upande wa kushoto kama ulivyoeleza. Matundu mawili yalitoa, la tatu halikutoa, na tulipolizibua tukakuta donge la chuma la kuchomelea limekwama ndani, tumelitoa. Mlango wa mbele unafunga kwa kusukumwa na kidole kimoja, na nafasi yake juu na chini ni milimita 4 na 5. Upande wa kulia bado una mabomba ya mraba, na sitauchomelea kizingiti kipya mpaka mvua za masika zipite, kwa kuwa banda letu linavuja mahali palepale tunapochomelea. Nitaleta vipimo vya upande huo hapa kabla ya kuchomelea na baada ya kufunga, ili fundi aviangalie.