Naomba ushauri: fimbo ya zamani ya kuvulia ya faibaglasi

Habari zenu wakuu. Marehemu babu alituachia hapa Dodoma fimbo ya kurushia chambo cha manyoya, Shakespeare Wonderod, nyeupe, ya vipande viwili. Juu ya mpini wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa), chini ya vanishi iliyogeuka njano, yanasomeka maandishi HDH. Hizo ni herufi za unene wa mshipi zilizotumika kabla ya mfumo wa namba, karibu sawa na namba 6 ya leo, kwa hiyo nadhani ni ya miaka ya 1950 hivi.

Faibaglasi yenyewe haina ufa. Shida ni vipete vya kupitishia mshipi: vimeshika kutu na nyuzi zake zinafumuka. Kiungio cha chuma nacho kimeng'ang'ania, naogopa kukizungusha kwa nguvu nisije nikaipasua.

Fundi mmoja kaniambia niipige msasa yote niipake rangi upya. Sikubali kabisa, maandishi yale ndiyo kitambulisho chake.

Aliyewahi kufanya kazi hii anisaidie: kiungio nikitenganishe vipi bila kukiunguza? Uzi wa nailoni wa cherehani unafaa kufungia vipete, au lazima hariri? Natamani nikavulie perege Hombolo, siyo kuitundika ukutani.