Nauli ya mzigo au cha juu? Swali kwa tunaoagiza vitu mtandaoni tukiwa Kigoma

Fundi wa Mwanga (mleta mada)

Wakuu, mwakeye.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanga. Mwezi uliopita niliagiza mota ndogo ya cherehani kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar. Mota 110,000, usafiri 35,000. Nikaomba apunguze kwenye usafiri. Akanijibu, naandika kama alivyoandika: "Hiyo nauli ni ya basi kaka, mimi humo sina hata mia." Nikatuma, na ya kutolea juu.

Siku ya tatu nikapigiwa simu kutoka stendi ya Masanga. Kufika pale, boksi lenyewe kama la viatu vya mtoto. Juu ya selotepu wamebandika kile kikaratasi cha basi kilichojazwa kwa kalamu: kutoka, kwenda, jina langu limekosewa herufi moja, na chini kabisa: "Imelipwa 8,000." Nikabaki nimesimama na boksi mkononi, nakitazama kile kinane. Kijana wa vifurushi akaniuliza, "Baba, kuna shida?" Nikamwambia hakuna, lete peni nisaini.

Nilimtumia muuzaji picha ya kikaratasi. Tiki za bluu nikaziona palepale. Jibu likaja baada ya siku mbili: "Gharama ni nyingi, wewe huwezi kuziona." Nikamwomba azitaje moja moja. Mpaka leo kimya.

Sasa swali liko hivi: muuzaji akishasema hii ni nauli, ana haki ya kutia cha juu humo ndani? Mimi nasema hana. Faida yake aiweke kwenye mota, aifanye hata 140,000, nitaamua mwenyewe ninunue au niache. Akiiita nauli, iwe nauli. Karibuni, na matusi yabaki nyumbani.

Mwenye fremu Kariakoo

Fundi pole, lakini mnatuonea. Mimi nauza hivyo vitu, ngoja nikupeleke safari ya boksi lako.

Umelipa saa nne asubuhi. Natoka dukani kwenda kutoa pesa, narudi, natafuta boksi imara kwa sababu lile la kiwandani likifika limebonyea utasema nimekuuzia iliyotumika. Boksi na selotepu, weka 2,000. Boda kutoka Kariakoo mpaka stendi ya Mbezi, na mvua ikinyesha haongei chini ya 8,000. Kijana anayeusindikiza mzigo, kwa sababu boda huwezi kumwachia mali ya mtu, 3,000 ya chakula na nauli ya kurudia. Akifika anaambiwa basi la Kigoma limejaa, subiri la kesho. Kesho anakwenda tena. Halafu basi lenyewe 8,000. Na hapo mteja ananipigia kila baada ya nusu saa: "Mzigo umefika wapi?" Sasa mimi ni dereva?

Wewe umeona kikaratasi kimoja kati ya gharama zote, ukahitimisha umepigwa.

Fundi wa Mwanga

Asante mkuu, wewe umejibu kiungwana kuliko huyo wangu. Ila nimejumlisha hesabu yako. Mbili, nane, tatu na nane ni 21,000. Nilitoa 35,000. Hiyo 14,000 iliyobaki ilipanda basi gani?

Mwenye fremu Kariakoo

Hiyo ya kesho yake umeisahau. Na usumbufu je?

Mama wa dagaa, Kibirizi

Nacheka peke yangu hapa. Wanangu, hili jambo lina pande mbili, na sisi wa Kigoma tuko upande wa pili pia. Mimi natuma dagaa na mawese Dar kila wiki. Je, sisi hatutii cha juu? Wapo wanaotia. Mteja wa Tandika anaambiwa gunia limesafiri kwa elfu kadhaa, na yeye kikaratasi hakioni kwa sababu mtumaji amekichana. Tusijifanye malaika.

Mimi nilishaacha. Siku moja mteja wangu wa miaka alipokea mzigo akiwa na mtoto wake, mtoto akasoma kile kikaratasi kwa sauti. Mama yule hakunigombeza. Alininyamazia tu, na oda ikahamia kwa mwingine. Tangu hapo nikiuza namwambia mteja: dagaa bei hii, kupaki bei hii, nauli utalipa mwenyewe huko ukipokea. Basi linamdai mpokeaji, mimi simo. Sasa fundi, kwa nini hukumwambia huyo wa mota akutumie kwa malipo ya mpokeaji?

Wakala wa vifurushi (mstaafu, maana miguu imekataa)

Mama, hilo la mpokeaji kulipa linakubalika mkifahamika. Wewe unatuma kila wiki, wanakujua. Mtu mgeni akileta boksi na kusema "atalipa huko", mara nyingi wanakataa. Nimeshakaa na maboksi mwezi mzima, mpokeaji kazima simu. Nauli inamuangukia nani? Wakala.

Na niongeze moja ambayo fundi hajaisema. Ukifika kuchukua mzigo uliolipiwa tayari, ukiambiwa kuna pesa ya kushusha au ya kuhifadhi, uliza iko kwenye risiti gani. Boksi likilala siku nyingi, sawa, linakula nafasi. Lakini limefika leo asubuhi na umelifuata leo mchana, hiyo ni soda ya mtu.

Mnyamwezi wa Ipuli

Tabora tunawasikia. Kilio chetu ni kingine: hilo neno "mikoani". Tangazo linasema Dar usafiri bure, mikoani 15,000, kama vile baada ya Kibaha nchi yote ni kijiji kimoja. Morogoro haifiki kilomita 200 kutoka Dar. Kigoma kwa reli ya kati ni zaidi ya 1,200, na sisi Tabora tuko njiani. Wote bei moja! Yaani mtu wa Morogoro anamlipia wa Kigoma, na wa Kigoma bado analalamika. Hilo nalo lina haki gani?

Fundi wa Mwanga

Hapo umenishika. Bei moja ya nchi nzima mimi naikubali kama imetangazwa mapema kwamba ni bei moja. Wangu hakunipa bei ya mikoani. Alipouliza uko wapi, nikasema Kigoma, akakaa dakika kumi ndipo akaandika 35,000. Ile ni bei ya kunitazama usoni.

Mwanafunzi wa sheria, kwetu Kasulu

Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo yanachanganywa hapa.

Kuuza ghali si kosa. Muuzaji anaweza kukuambia usafiri ni 100,000 na ukikubali umekubali. Kinachoweza kumtia matatani huyu wa fundi ni sentensi moja: "humo sina hata mia." Hiyo ni kauli kuhusu bei, na kikaratasi kinaipinga. Sheria ya Ushindani ya 2003, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji, na kauli za uongo kuhusu bei zimo. Halafu ipo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ina sehemu yake ya kumlinda mlaji anayenunua kwa mtandao: mnunuzi apewe nafasi ya kuupitia muamala mzima, kurekebisha kosa, na kujitoa kabla hajaagiza. Mtu anayekutajia bei ya kitu leo na usafiri kesho, pesa ikiwa imeshaingia kwake, anacheza nje ya mstari.

Kwa hiyo fundi, kwenye malalamiko yako usiandike "nauli kubwa". Utaambiwa ulikubali. Andika: aliniambia pesa yote ni ya basi, risiti ya basi inasema 8,000, naomba nirudishiwe tofauti. Ambatisha skrinshoti ya ile kauli, ujumbe wa malipo na picha ya kikaratasi. Mtumie yeye kwanza, mpe siku saba.

Bodaboda wa Gungu

Msomi, na siku saba zikiisha? Akafungue kesi ya 27,000? Nauli ya kwenda na kurudi ofisini peke yake imeshaimaliza. Hao jamaa wanajua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Ndiyo maana wanaiba kidogo kidogo.

Mwanafunzi wa sheria, kwetu Kasulu

Kweli, kwa mtu mmoja hailipi. Lakini malalamiko ya watu thelathini dhidi ya ukurasa mmoja wa biashara ni kitu kingine. Tatizo kila mmoja anaona aibu kusema alipigwa.

Mwalimu, Kibondo

Mbona hamuitaji Posta? Nimeagiza vitabu kwa njia hiyo. Kifurushi kinapimwa kwenye mizani mbele ya mtumaji, bei inatokana na uzito, risiti inatoka na namba ya kufuatilia. Muuzaji hana pa kuficha kitu. Kwenye basi mtu anaangalia boksi kwa jicho na kusema "hii elfu nane".

Mwenye fremu Kariakoo

Mwalimu, mteja huyohuyo anayedai risiti ya Posta ndiye anayeniambia "nataka kesho".

Dada wa mizigo ya China

Kuhusu uzito, jihadharini mnaoagiza nje. Mizigo ya ndege, kampuni nyingi za kimataifa zinachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, zinagawanya kwa 5,000, halafu zinalinganisha na kilo za mizani. Kubwa ndiyo utakayolipia. Boksi la 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 19.2 hata kama ndani kuna mto wa kulalia. Mteja wangu wa Ujiji aliapa nimemuibia mpaka nikampigia picha futi kamba ikiwa juu ya boksi lake. Hapo si cha juu, ni hewa mliyoilipia. Mwambieni muuzaji apunguze boksi.

Kijana wa Katubuka

SGR, hiyo reli ya kisasa, ikifika Kigoma haya yote yataisha.

Wakala wa vifurushi

Mwanangu, treni ya SGR ya Dar na Dodoma ilianza 2024 na watu wa Dodoma bado wanaulizana nauli za vifurushi. Reli haimzuii mtu kuandika tarakimu yake.

Mwenye duka, barabara ya Lumumba

Nimesoma kimyakimya tangu asubuhi, sasa niseme. Fundi, mota hiyo hiyo ninayo dukani kwangu. 150,000, unajaribu hapahapa, ikigoma unarudisha kesho. Ulipita ukauliza, nakukumbuka, ukasema nina bei ya kitalii. Umekwenda kulipa 145,000, ukaweka ya kutolea, ukapanda boda kwenda Masanga na kurudi. Umeokoa nini?

Mimi nami mzigo wangu unatoka Kariakoo. Nauli ninayolipa iko ndani ya ile 150,000 na hakuna aliyewahi kuniomba kikaratasi.

Fundi wa Mwanga

Nilijua utatokea. Sawa, nimekosa adabu ya hesabu, nakiri mbele ya hadhara. Lakini umenisaidia hoja: wewe ulinitajia 150,000, nikakataa, tukaachana salama. Hukuniambia 110,000 ni yangu na 40,000 ni ya basi. Yule aliniambia.

Halafu niwape mrejesho. Jana nimeagiza tena, sindano na mkanda wa mashine, kwa muuzaji mwingine. Kabla ya kutuma hata mia nilimwandikia hivi: "Nipe jumla moja, kitu na usafiri mpaka Masanga, na mzigo ukishapokelewa na basi nipigie picha ya risiti." Akaniuliza kama mimi ni wa TRA. Nikamwambia mimi ni fundi. Amenitajia 32,000 jumla, sikumuuliza ndani yake kuna nini.

Mama wa dagaa, Kibirizi

Na picha ya risiti ya nini, kama umekubali jumla?

Fundi wa Mwanga

Mama, hiyo ni ya kujua basi gani. Mzigo unafika kesho alfajiri.

Mama wa dagaa, Kibirizi

Haya. Ukienda Masanga usikitazame kikaratasi.

Fundi wa Mwanga

Nitakitazama, mama. Kwa hilo siwezi kukudanganya.